Mbolea ya minyoo ilisaidia kitaluni, mbona shambani nyanya zinanyauka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninalima nyanya Kikwe, upande wa Usa River, robo tatu ya eka kwa maji ya mfereji. Msimu huu nilinunua viroba vya mbolea ya minyoo. Muuzaji akaniambia ina bakteria rafiki wanaozuia na kutibu magonjwa yote ya mizizi. Nikaichanganya na udongo wa kitalu nusu kwa nusu, nikachemsha vyote kwenye pipa kama tulivyofundishwa, ili kuua wadudu. Kitalu cha pili sikuchemsha, kuni ziliniishia. Cha ajabu, kile nilichochemsha ndicho kilicholiwa na kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche michanga shingoni, kisichochemshwa kikatoka vizuri. Nikapandikiza miche ya kitalu hicho kizuri, nayo sasa imeanza kunyauka mchana ikiwa bado kijani. Nimeimwagia maji ya minyoo mara mbili, wapi. Je, hao bakteria wapo kweli au nimeuziwa maneno? Na kama wapo, mbona kitaluni waliweza na shambani wameshindwa?

JIBU: Wapo, dada yangu. Na bila kukusudia umefanya jaribio zuri kabisa: mbolea ile ile, mbegu ile ile, maji yale yale, kilichotofautisha vitalu viwili ni moto. Hata maabara hufanya vivyo hivyo wanapotaka kujua kama mboji inazuia ugonjwa kwa virutubisho vyake au kwa viumbe waliomo. Sehemu moja wanaipitisha kwenye joto kali, nyingine wanaiacha ilivyo. Virutubisho haviuliwi na moto. Kama uwezo wa kuzuia kinyausi umeondoka na mvuke, basi uwezo huo ulikuwa wa viumbe hai.

Kwa hiyo muuzaji wako hakukudanganya alipotaja bakteria. Tatizo liko kwenye "kutibu" na kwenye "yote". Nitaanza na kitalu, maana huko ndiko bakteria hawa wanakoonekana wakifanya kazi, kisha tushuke shambani. Kwa dalili ulizotaja nina wasiwasi na ugonjwa mwingine kabisa. Kama nyanya zinaendelea kuanguka wakati unasoma, ruka kwanza hadi pale nilipoandika kuhusu glasi ya maji, haya mengine utayarudia jioni.

Mnyoo mwekundu, yule mwembamba anayefugwa kwenye masanduku, hana meno. Anameza vipande vilivyokwisha lainika pamoja na chembe za mchanga, na firigisi yake ndiyo inayosaga. Watu wengi hudhani anakula ganda la ndizi. Anachokifuata zaidi ni bakteria na kuvu waliokwisha livamia ganda hilo, ndiyo maana ukimwekea ganda bichi leo atalizunguka siku kadhaa mpaka lianze kuoza. Ndani ya utumbo wake hewa ya oksijeni karibu haipo, unyevu ni mwingi, na kuta zinatoa ute wenye sukari. Ute huo unawaamsha bakteria waliokuwa wamelala kwenye chakula. Baadhi wanameng'enywa, wengine wanazaliana kwa kasi, na wengine wenye madhara kwa binadamu, kama Salmonella, hupungua sana njiani. Kupungua, sisemi kwisha.

Baada ya saa chache kinatoka kipunje cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, kimefunikwa na ute. Hapo kazi bado. Kipunje kikishapata hewa, bakteria wanaopenda oksijeni wanakichukua, na kwa wiki kadhaa zinazofuata wanaendelea kukivunjavunja na kujenga makazi yao ndani yake. Huko ndiko kukomaa kwa mboji. Iliyotolewa sandukuni ikiwa bado ina harufu ya amonia haijakomaa, hata kama imeshapakiwa kwenye kiroba na kupigwa lebo.

Pua yako hapa ni kipimo kizuri. Ile harufu ya ardhi inayopanda mvua za kwanza zinapogusa vumbi hutokana na kemikali iitwayo geosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni bakteria wa jamii ya Streptomyces. Ukifungua kiroba ukaipata, hao wamo. Ukipata harufu ya yai bovu, hewa ilikwisha ndani ya kiroba na wakazi wamebadilika. Streptomyces hawa, kwa wasiowajua, ndio waliotupatia streptomaisini, dawa iliyopatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwenye bakteria wa udongo, na ikawa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu. Wazee waliowahi kulazwa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, enzi hizo wataikumbuka sindano yake. Hatukuibuni dawa hiyo sisi, tuliikuta udongoni ikitumika kwenye ugomvi ambao hatukuwa na habari nao.

Sasa kinyausi. Msababishaji wake mkuu kwenye kitalu chenye maji mengi ni Pythium, kiumbe anayefanana na kuvu lakini mwenye tabia za majini. Mbegu ya nyanya inapoanza kunyonya maji huvuja: sukari, asidi za amino, mafuta kidogo. Inavuja bila kuchagua nani apokee. Pythium imelala udongoni ikisubiri uvujaji huo. Ikiuhisi huamka, na aina zake nyingi hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye utando wa maji kati ya chembe za udongo, vikifuata ule mvujo mpaka kwenye mbegu. Vikifika vinajibandika, vinaota, vinaingia. Yote haya yanaweza kwisha kabla hujaona hata kichwa cha mche juu ya ardhi. Mche unaouona umekatika shingoni asubuhi ulivamiwa siku kadhaa nyuma.

Mbegu ikiwa ndani ya mboji ya minyoo iliyo hai, bakteria wanaifikia kwanza. Wanalizunguka ganda lake katika saa za mwanzo na kuula ule mvujo, hasa yale mafuta ambayo Pythium huyatumia kujua kwamba mbegu ipo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliofuatilia jambo hili kwa mbegu za matango, walikuta kwamba bakteria walioshika mbegu ikiwa kwenye mboji ya minyoo walivuruga mwendo wa vijimbegu vya Pythium kuelekea mbegu. Ni kama hiace ya Usa asubuhi. Aliyewahi kituoni ndiye aliyekaa, na viti vikishajaa, hata mwenye nauli ya ziada anabaki barabarani.

Ona basi kwa nini nilisema neno "kutibu" ndilo tatizo. Kazi hii hufanyika mbegu inapoota, na inarudiwa kwenye kila ncha mpya ya mzizi inayosogea udongoni. Haifanyiki kwenye mche uliokwisha anguka.

Mbali na kuwahi nafasi, wana njia nyingine. Pseudomonas fluorescens hutoa molekuli zinazonasa madini ya chuma. Chuma kipo kingi ardhini lakini kinachoyeyuka ni kidogo mno, hivyo anayekinasa vizuri anamwacha jirani na njaa, na kuvu mwenye njaa haoti. Bacillus subtilis hutengeneza kemikali za jamii ya mafuta na protini zinazotoboa ngozi za kuvu. Wengine wana vimeng'enya vya kuvunja kitini, kile kitu kigumu kinachojenga kuta za kuvu wengi na pia maganda ya mayai ya minyoo fundo. (Minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya nyanya hawana undugu wowote na minyoo wekundu wa sandukuni. Nakumbusha kwa sababu nimeshaulizwa mara nyingi na wakulima wanaoogopa kununua mbolea hii, na woga wao hauna msingi.)

Njia ninayoipenda zaidi hainaga kelele. Bakteria fulani wakishika mizizi, mmea wote unakuwa macho, hata majani ambayo hayajaguswa na bakteria huyo. Taarifa inapita ndani ya mmea kwa homoni zake wenyewe, na adui akija baadaye, mmea hujibu mapema na kwa nguvu zaidi. Mmea unaweza kuugua bado, ila si kwa ulegevu ule ule.

Mjerumani Lorenz Hiltner alikwisha sema mwaka 1904 kwamba ule ukanda mwembamba wa udongo unaoshikana na mzizi una maisha yake tofauti na udongo mwingine, na kwamba afya ya mmea inategemea nani wanaishi humo. Mmea wenyewe unawalisha: sehemu ya sukari yote ambayo majani yanatengeneza juani hushushwa na kuvujishwa mizizini makusudi. Mbolea ya minyoo haiwaletei bakteria makazi ya kudumu. Inawaingiza mlangoni, halafu mzizi unachagua wa kubaki nao.

Upande wa chakula cha mmea nitapita haraka, maana huko sifa zimezidishwa. Kwa kawaida mbolea ya minyoo ina naitrojeni kati ya asilimia 1 na 2 na nusu hivi, inategemea ulichowalisha. Bakteria wake wanaigeuza polepole kuwa nitrati ambayo mzizi unaweza kunywa. Wamo pia wanaonasa naitrojeni hewani wakiishi peke yao, kama Azotobacter, lakini mchango wao ni mdogo, usiutegemee. Wale wa maharage, rizobia, ni habari nyingine na huwanunui ndani ya mbolea hii. Fosforasi ndiyo inayotuhusu sisi wa Meru na Kilimanjaro. Udongo wetu wa volkano unaishika fosforasi kwa nguvu, unaweka mbolea ya kupandia na sehemu kubwa inafungwa kabla mzizi haujafika. Wapo bakteria wanaotoa asidi laini zinazoifungua kidogo kidogo. Maabara wanafanya vizuri, shambani matokeo yanapanda na kushuka, kwa hiyo ukiambiwa huhitaji tena mbolea ya kupandia kwa sababu una bakteria, shika pochi yako uifunge.

Turudi kwenye pipa lako. Kuchemsha udongo wa kitalu si kosa. Udongo uliochukuliwa shambani una Pythium, una kuvu wa Rhizoctonia, una mayai ya minyoo fundo, na mvuke unawaua. Kosa ni mpangilio. Ulipochemsha mboji pamoja na udongo uliua adui na mlinzi kwa pamoja, ukaacha chakula kingi na nyumba tupu. Halafu ukamwagilia. Kama ni maji ya mfereji, Pythium ilirudi humo humo, na safari hii haikumkuta mtu mlangoni. Ndiyo sababu kitalu kilichochemshwa kikiambukizwa upya huumwa vibaya kuliko ambacho hakikuguswa. Utauliza: hakuna bakteria aliyenusurika? Wapo. Bacillus hutengeneza vijimbegu vigumu vinavyostahimili hata maji yanayochemka. Ila wanaanza upya wakiwa wachache na wamelala, wakati mbegu inavuja leo.

Msimu ujao chemsha udongo na mchanga peke yake. Usiuchome hadi uwe majivu. Mvuke ukishapenya kila mahali kwa nusu saa hivi inatosha, ukizidisha sana unafungua manganizi na amonia kupita kiasi na miche inaungua mizizi. Acha upoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake, ndipo uchanganye mbolea ya minyoo. Na si nusu kwa nusu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, waliopima kwa miaka mingi mchanganyiko wa vitalu vya nyanya, pilipili na maua, walipata ukuaji mzuri zaidi mbolea ya minyoo ilipokuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mchanganyiko. Kuzidi hapo mara nyingi miche ilidumaa, kwa chumvi nyingi na hewa kidogo. Ndoo moja ya mboji kwa ndoo nne za udongo na mchanga inakutosha, na viroba vyako vitakwenda mbali zaidi. Acha mchanganyiko ukiwa na unyevunyevu kwa siku chache chini ya kivuli kabla ya kusia, bakteria watawanyike. Siku ya kupandikiza weka konzi moja kwenye kila shimo, igusane na mizizi. Kuitupa juu ya ardhi kavu penye jua la Kikwe ni kuianika.

Na usiwahi kumwagia kitalu hicho dawa za ukungu zenye shaba wiki ile ile. Shaba haichagui.

Sasa glasi ya maji. Nyanya inayonyauka mchana ikiwa bado kijani, jioni ikajiinua, siku chache baadaye ikalala moja kwa moja: mshukiwa wangu wa kwanza ni mnyauko bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum. Ndiyo, naye ni bakteria. Kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kioshe, kining'inize kwenye glasi ya kioo yenye maji safi, ncha ya chini iguse maji tu, usitikise. Shika glasi hiyo mbele ya kitu cheusi. Kama ni Ralstonia, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe wa maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, kisha mwingine. Ni bakteria kwa mamilioni wakitiririka kutoka kwenye mishipa ya maji. Huhitaji hadubini.

Usipoona uzi, pasua shina kwa urefu. Michirizi ya kahawia ndani, na majani ya chini yalianza kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, hiyo inaelekea mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu. Ng'oa pia mizizi uitazame. Ikiwa na vifundo, una minyoo fundo, ambao mara nyingi ndio hufungua majeraha ambayo Ralstonia huingilia, kwa hiyo unaweza kukuta mawili kwa pamoja.

Kwa nini marafiki zako wa sandukuni wameshindwa hapa? Ralstonia haishindani na mtu nje ya mzizi kwa muda mrefu. Inaingia kwenye jeraha, hata lile dogo linaloachwa na mzizi mpya unapochomoza, ikifika kwenye mishipa ya maji inazaliana na kutoa ute mzito unaoziba njia. Mmea unakufa kwa kiu umesimama kwenye udongo wenye maji. Bakteria wa mboji wako nje, yeye yuko ndani. Zipo tafiti ambamo mboji zilizoongezwa aina fulani za Bacillus zimepunguza mnyauko huu, lakini ni kupunguza, na zaidi pale walipowahi kabla ya ugonjwa na ugonjwa wenyewe ulipokuwa mchache ardhini. Kumwagia maji ya minyoo kwenye mmea uliokwisha ziba ni kupoteza jioni yako. Tena kama unamwagia kwa mfereji au ndoo ile ile kutoka mche hadi mche, unaisambaza, maana Ralstonia husafiri kwa maji.

Na hapo kwenye maji ndipo ugumu wa Kikwe ulipo. Mfereji unapita kwa wengi kabla ya kukufikia wewe. Ng'oa miche iliyonyauka pamoja na udongo wa mizizi, itie kwenye mfuko, itoke shambani, usiikokote juu ya matuta. Mashimo yake usiyapitishie maji. Jembe na visu vioshwe na kupanguswa kwa jiki iliyochanganywa na maji. Wala usiitupe miche hiyo kwenye sanduku la minyoo, kwa sababu sanduku la minyoo halipandi joto. Rundo la mboji ya kawaida likifika nyuzi 55 kwa siku kadhaa, na likigeuzwa ili kila sehemu ipate joto hilo, linaua vimelea vingi, lakini minyoo wakipata joto hilo wanakufa wao. Ndiyo sababu wafugaji makini huanza na rundo la moto, likipoa ndipo wanapowapa minyoo. Muulize muuzaji wako kama anafanya hivyo. Jibu lake litakuambia mengi kuliko lebo.

Eneo lililoumwa lisipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo wala mnavu kwa misimu kadhaa, miaka miwili au mitatu ikiwezekana. Wote hao ni wa ukoo mmoja na Ralstonia inawajua. Najua mnavu ni mboga ya kila siku kwetu na huota wenyewe kandokando ya mfereji. Ng'oa. Panda mahindi, vitunguu, kabichi. Kama nyanya ndiyo ada ya shule ya watoto na huwezi kuiacha miaka yote hiyo, fikiria kubebesha: mche wa nyanya unayoipenda juu ya shina la bilinganya au nyanya sugu. World Vegetable Center, shirika la kimataifa la utafiti wa mboga lenye kituo hapo Tengeru, wamekuwa wakipendekeza mashina kama bilinganya EG203 na nyanya Hawaii 7996 kwa mnyauko huu. Huna safari ndefu: nenda Tengeru ukaulize, na TARI Tengeru, taasisi ya utafiti wa kilimo, pia wapo jirani. Kubebesha kunahitaji mkono mwepesi na kivuli chenye unyevu kwa siku za mwanzo, lakini akina mama wanaosuka nywele hujifunza haraka kuliko sisi wanaume wenye vidole vya mpini. Miche iliyobebeshwa ndiyo ya kuipa mbolea ya minyoo kitaluni, hapo kila mmoja anafanya kazi anayoiweza.

Kuhusu hayo maji ya minyoo. Watu wanaita hivyo vitu viwili. Kimoja ni majimaji meusi yanayodondoka chini ya sanduku. Hayo yamepita kwenye taka ambazo bado hazijaoza vizuri, mara nyingi hayana hewa, na yanaweza kubeba vimelea vilivyomo kwenye samadi. Punguza kwa maji mara kumi, mimina kwenye migomba au miti, basi. Kingine ni mboji iliyokomaa iliyolowekwa kwenye maji na kupigwa hewa kwa siku moja hivi, kisha ikatumika siku hiyo hiyo. Hiyo ina bakteria wengi walio hai na inafaa kumwagia miche kitaluni. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima kwanza. Na molasi wanayokufundisha kuongeza ili "kuwanenepesha bakteria", mimi siiweki, kwa sababu inamnenepesha kila aliyemo, na kama E. koli walibaki wachache nao watasherehekea. Kwenye mboga zinazoliwa mbichi, nyanya za kachumbari zikiwemo, usinyunyizie kabisa majani wala matunda.

Viroba vilivyobaki vihifadhi kivulini, kwenye mifuko inayopitisha hewa, ikiwa na unyevu wa kiasi kwamba ukifumbata mkononi inashikana lakini haitoi tone. Ikikauka vumbi, bakteria wengi wanakufa na kinachobaki ni mbolea ya kawaida yenye bei ya juu. Ndani ya miezi sita iwe imekwisha.

Ukitaka kufuga mwenyewe, ambako ndiko ningekupeleka badala ya kununua tena, una malighafi bora kuliko wengi: migomba iliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe iliyopoa. Migomba inashika maji na kuacha hewa, minyoo wanaipenda. Wa Moshi huongeza maganda ya kahawa yaliyooza kwanza. Machicha ya mbege yasizidi kiasi, yana uchachu na hupandisha joto. Sanduku likae kivulini, miguu yake ndani ya makopo ya maji, la sivyo siafu watakuja usiku mmoja na asubuhi hutakuta mnyoo. Usiwape mabaki ya mazao yaliyopuliziwa dawa za ukungu za kabendazimu, inawaua.

Na yule muuzaji: kwa sheria zetu mbolea husajiliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, lakini anayeuza kitu kwa madai kwamba kinatibu ugonjwa wa mimea anauza kiuatilifu, na viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Arusha. Mwombe namba ya usajili kwa upole. Akiacha lile neno "kutibu" na mboji yake ikinukia ardhi ya mvua, endelea kununua kwake kwa ajili ya kitalu.

Fanya kipimo cha glasi leo jioni kwa miche mitatu kutoka sehemu tofauti za shamba, na usifungue mfereji kwenye matuta hayo kabla hujaona majibu. Uzi mweupe ukitoka kwenye miche ya upande mmoja tu, jirani na maji yanapoingilia, niandikie tena unieleze mfereji unapita wapi, maana hapo itabidi tuzungumze na majirani zako pia.